Ukingo wa Granaiti Unapokataa: Dalili na Chanzo kwa Fundi wa Nyanda za Juu Kusini

Ukingo wa kaunta hauharibikii pale unapouona umeharibika. Mkwaruzo unaojitokeza baada ya pedi ya kung'arishia ya 3000 uliachwa na pedi ya 50 au ya 100 (namba ikipanda, punje za pedi ni laini zaidi). Wimbi ambalo mteja analiona akiwasha taa juu ya sinki lilizaliwa siku ya kukata, biti ya profaili, ile inayochonga umbo la ukingo, ikiwa bado ndani ya boksi. Fundi anayelijua hilo hakazani kung'arisha upya. Anarudi nyuma hatua mbili au tatu na kuanzia pale tatizo lilipoingia. Asiyelijua atamaliza seti nzima ya pedi, ukingo utabaki vilevile, tena utakuwa umelika kiasi kwamba haulingani na kipande cha pili.

Nayaandika haya kwa wanaofanya kazi na mashine za mkono: grainda, mashine ya kung'arishia ya maji, na ruta ya mawe yenye biti za almasi. Karakana nyingi kuanzia Iringa hadi Mbeya zinaendeshwa hivyo.

Kwanza lijue jiwe

Sokoni kila bamba gumu linauzwa kwa jina la granaiti, na hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia. Granaiti halisi ina kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), na felspari, yenye ugumu wa kama 6. Ndiyo jamii ya miamba mikubwa inayoonekana Iringa mjini, Gangilonga ikiwemo. Bamba jeusi tii linaloitwa granaiti nyeusi mara nyingi ni gabro au doleraiti, jiwe lenye kwatzi kidogo au lisilo nayo kabisa. Linakatika vizuri, lakini halifichi kosa lolote. Marumaru na mawe ya chokaa, kama yale yaliyojengwa na maji ya moto kule Songwe, yana ugumu wa kama 3 tu, na asidi inayala. Halafu kuna kwatzaiti, ambayo kwa macho unaweza kudhani ni marumaru nyeupe, lakini inamaliza biti haraka kuliko granaiti.

Chukua kipande cha masalia, udondoshee ndimu au siki sehemu iliyokwaruzwa. Kikitoa mapovu, au kikiacha doa lililofifia, hilo ni la jamii ya chokaa. Kisha jaribu kukwaruza chupa kwa kona ya jiwe. Kwatzaiti na granaiti zitaichora chupa, marumaru itateleza. Mteja akitaka umbo la ogii, lile la herufi S, lenye mikunjo myembamba kwenye kwatzaiti, bei iwe ya kwatzaiti, hata kama bamba limeandikwa marumaru.

Biti inapiga kelele, inanukia, haikati

Mafundi wengi hapa husema almasi imekwisha. Mara nyingi haijaisha, imezibwa. Punje za almasi zimeshikwa na chuma laini au kigumu, na chuma hicho kinatakiwa kilike kidogo kidogo ili punje mpya zitokeze. Jiwe gumu linahitaji biti yenye mshiko laini, kwa sababu jiwe lenyewe halitoi mchanga mwingi wa kukila chuma. Jiwe laini lenye mchanga linahitaji mshiko mgumu. Wengi hununua kinyume: wanasikia "jiwe gumu" wanachagua biti ngumu, na ndani ya mita chache uso wa biti unakuwa laini unaong'aa kama chuma kilichopigwa msasa.

Ipitishe biti hiyo kwenye tofali la saruji lenye mchanga mwingi, au kwenye jiwe la kunolea, kwa mgandamizo mdogo na maji kidogo. Baada ya hapo gusa uso wake kwa kidole, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Ukisikia kukwaruza, almasi zimetoka. Zikiziba tena mapema, hiyo siyo biti ya jiwe hilo, na kuinoa kila nusu saa ni kuzungusha tatizo.

Chanzo cha pili ni umeme, na huku kwetu kina sura yake. Mashine ikiunganishwa kwa ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, volti zinashuka pale unapoikandamiza. Ikiwa hewani inazunguka vizuri, ikigusa jiwe inalegea. Fundi anaona haikati, anakandamiza zaidi, biti inasugua badala ya kukata, inaziba. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote, usiuache kwenye rola. Kwa jenereta ya petroli kumbuka na mwinuko. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, na Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jenereta iliyoandikwa kilowati 2.5 itakupa kama 2 tu, na Njombe itakupa pungufu ya hapo. Anayekuja na mahesabu ya Dar atashangaa kwa nini mashine ileile imekuwa goigoi.

Na mashine ya maji isiwashwe bila kifaa cha kukata umeme unapovuja. Hilo halina mjadala.

Ukingo unameguka

Angalia mmeguko uko wapi kabla ya kutafuta dawa.

Ukiwa kwenye kona, mwisho wa kipande, biti imetokea nje hapo. Biti ikifika mwisho inasukuma chembe ambazo nyuma yake hazina kitu cha kuzishikilia, nazo zinaruka. Anza kila kona kwa kuingia kutoka nje kwenda ndani sentimita kadhaa, pande zote mbili, ndipo umalizie katikati. Au bana kipande cha masalia kwenye kona ili biti imalizie juu yake.

Ukiwa umetawanyika urefu wote wa ukingo wa juu, unaondoa jiwe jingi kwa mpito mmoja. Kwanza toa ule mdomo mkali kwa grainda, upate mshazari, uiachie biti kazi ndogo. Kisha shuka kwa mipito myembamba. Kwa bulnozi (ukingo wa mviringo) ya milimita 20 sioni sababu ya kuwa na haraka, kwa kuwa muda unaouokoa kwenye ruta utaulipa kwenye kuziba mashimo.

Ukiwa sehemu moja tu, na ukirudia unameguka palepale, jiwe lina ufa au fundo la chembe kubwa. Lowesha eneo, liache likauke, utazame: ufa hubaki na unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka. Ufa unajazwa gundi nyembamba kabla ya kuendelea, wala hauvumiliwi. Mawe yenye maika nyingi yana tabia yake: vile vipande vinavyometameta vinabanduka kwa tabaka na kuacha vishimo. Hakuna biti itakayozuia hilo. Mwambie mteja mapema, tena ukiwa naye mbele ya bamba.

Ukiwa mbele ya sinki, sababu ni mtikisiko. Ule ukanda mwembamba ulioachwa kati ya tundu la sinki na ukingo wa mbele unacheza. Bana ubao chini yake kwa klampu mbili kabla ya kugusa kitu, na kama inawezekana tengeneza ukingo wa nje kwanza, tundu la sinki likate mwisho.

Mmeguko mdogo unazibika: unga wa jiwe lenyewe, gundi ya papo hapo isiyo na rangi, kisha kwangua kwa wembe na kung'arisha. Mkubwa unataka gundi ya mawe iliyotiwa rangi. Ukiwa mkubwa zaidi, mahali ambapo mkono wa mwenye nyumba utapita kila siku, shusha ukingo mzima milimita kadhaa uanze upya.

Mawimbi

Mawimbi hayaonekani ukiwa umesimama juu ya kazi na jua la saa sita. Inama usawa wa ukingo, weka taa mwisho wa kipande, utazame mwanga unavyokimbia. Ukivunjika vunjika, unayo.

Ruta ya mawe inaongozwa na beringi inayotembea kwenye uso uliokatwa. Beringi haina akili: inachonakili ni kile ilichokuta. Kama diski iliyokata bamba ilitetema, ikaacha mabonde, beringi itayapeleka yote kwenye profaili, tena kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo nyoosha uso wa kukata kwanza, kwa diski ya kikombe (ya kusagia) na rula ndefu ya alumini, hadi rula ilale bila kuonyesha mwanga chini yake. Kazi hii inaboa, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kama uso ulikuwa umenyooka na mawimbi bado yapo, yahesabu. Mafupi yenye umbali sawa yanatoka kwenye mashine: beringi imechoka, shafti imepinda, au biti haikukaa vizuri kwenye nyuzi. Chomoa umeme, shika biti, itikise. Ikicheza hata kidogo, usiguse jiwe. Marefu yasiyo na mpangilio yanatoka kwa fundi: umesimama katikati ya mpito, umebadili mguu, au bomba la maji limekuvuta mkono. Tembea mwili mzima, usinyooshe mikono tu, na mtu wa pili akushikie bomba na waya.

Mistari inayokimbia urefu wa profaili

Hii ni ngazi ndogo, mara nyingi chini au juu kabisa ya umbo, ambayo kila biti inayofuata inaiacha palepale. Biti za seti moja zinatakiwa kufanana umbo na kipenyo cha beringi. Ukichanganya biti ya kwanza ya seti hii na ya tatu ya seti ile, hazitakutana. Vivyo hivyo biti ya kwanza ikilika sana huku nyingine bado mpya.

Lakini kabla hujanunua seti nyingine, geuza ruta utazame chini ya kitako chake. Tope la unga wa jiwe likigandamana pale linainua mashine, na unene mdogo tu unatosha kuleta mstari. Futa kitako na uso wa bamba kila unapobadili biti. Mwenye CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, atafute kosa hilohilo kwenye vipimo vya urefu wa kila kifaa.

Mikwaruzo inajitokeza mwishoni

Mpangilio wa kawaida ni 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, kisha pedi ya kumalizia. Kila pedi ina kazi moja tu: kufuta alama za iliyotangulia. Ukiruka kutoka 50 kwenda 400, ile ya 400 itang'arisha vilima na kuacha mabonde ya 50 chini yake, nayo hayataonekana mpaka jiwe lianze kuakisi mwanga.

Namna ya kujua ni rahisi. Kausha ukingo baada ya kila pedi, maana maji yanadanganya, yanajaza mikwaruzo na kulifanya jiwe lionekane limekamilika. Chora mistari ya penseli ya nta kukatiza ukingo, piga pedi inayofuata hadi mistari ipotee kote, hata kwenye mkunjo wa ndani wa ogii ambao pedi bapa haifiki. Kwa mkunjo huo tumia pedi ndogo au vipande vya mkono. Usidanganyike na sehemu iliyo bapa.

Kama hukuruka kitu na bado kuna mkwaruzo mmoja mrefu, mkali, uliopinda, basi punje kubwa imeingia. Imetoka wapi? Angalia ndoo. Kiangazi, kuanzia Agosti maji yanapokuwa ya shida, karakana nyingi huzungusha maji yaleyale. Kwa kukata haina neno kama yametulia kwenye pipa. Kwa pedi ya 800 kwenda juu, tumia maji safi, osha ukingo, osha pedi, osha na aproni yako. Pedi za 50 zisilale kwenye boksi moja na za 3000.

Hauwaki, una ukungu

Nikiulizwa swali moja tu kuhusu tatizo hili, nauliza mashine gani. Grainda ya kawaida ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Pedi ya utomvu (resini) ya milimita 100 kwa kawaida haitakiwi kuvuka 4,500 au karibu na hapo, na zile za mwisho hufanya vizuri zaidi kwenye 1,500 hadi 2,000. Ukiifunga kwenye grainda, utomvu unaungua, unayeyuka, unajipaka kwenye jiwe. Ule ukungu ni plastiki iliyoshikamana. Ukiuona una rangi ya pedi, nyekundu au kijani, huna haja ya ushahidi mwingine. Rudi 400 uusafishe, na utafute mashine yenye kubadili spidi.

Sababu ya pili ni maji. Julai pale Uyole asubuhi maji yanauma vidole, na kijana wa kazi anafunga koki kidogo bila kusema. Pedi inapata joto. Mpe glavu za mpira ndefu kuliko kumgombeza. Kwenye pedi ya mwisho kabisa maji hupunguzwa makusudi ili pawe na msuguano na joto kidogo, lakini kupunguza siyo kukausha. Ukingo ukiwa wa moto wa kutoshikika, umepita kiasi.

Sababu ya tatu, pedi ya kumalizia isiyolingana na jiwe. Nyeusi ni kwa mawe ya giza. Kwenye jiwe jeupe inaacha uchafu ndani ya vitundu, na kuutoa ni balaa. Kwa mawe meupe chukua nyeupe. Granaiti iliyogoma hata baada ya yote haya mara nyingi hukubali poda ya oksidi ya bati kwenye pedi ya sufi, spidi ya chini, unyevu kidogo.

Ukingo unang'aa, ila rangi siyo ya juu

Juu ya bamba palipigwa kiwandani na mashine nzito yenye vichwa vingi, na mara nyingi palipakwa utomvu, pengine na rangi. Ukingo wako ni jiwe tupu. Chukua kitambaa cheupe chenye asetoni usugue sehemu ya juu ya bamba jeusi: kikitoka cheusi, bamba limepakwa rangi, na hakuna pedi itakayoufanya ukingo wa kijivu ufanane nalo. Kuna dawa za kukoleza rangi zinazopakwa ukingoni, zinasaidia, na zinahitaji kurudiwa baada ya muda. Jaribio hili lifanywe siku ya kununua.

Mstari wa gundi kwenye ukingo mnene

Bamba la milimita 20 likiongezwa ukanda chini ili lionekane la 40, kiungo kinapita katikati ya profaili. Kikionekana kinene, nyuso mbili hazikuwa bapa, au klampu zilikuwa chache. Kikifunguka, tazama hali ya hewa. Gundi ya poliesta haishiki jiwe lenye unyevu, na jiwe lililolala nje Makambako au Njombe usiku wa Juni lina unyevu asubuhi hata kama unaliona kavu. Epoksi nayo, kwa makadirio, huchukua muda maradufu kwa kila nyuzi 10 joto linaposhuka. Fundi aliyezoea kuanza kusaga baada ya masaa manne anakuta gundi bado inavutika, biti inaichota, kiungo kinabaki na mfereji.

Kuongeza hadina (kigandishi) kwenye poliesta si dawa. Inakauka haraka, ndiyo, lakini inakuwa ya kukatika na kugeuka manjano. Kama kopo limeandikwa asilimia 2 au 3, fuata hivyo. Ingiza mawe ndani tangu jana yake, yapashe joto kwa taa ya halojeni au hita ya umeme. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa usilitumie kabisa, hewa yake inaua watu waliolala na waliosimama.

Vumbi

Kuna anayekata kavu kwa sababu "ni kidogo tu". Kwatzi iliyosagwa inaingia ndani kabisa ya mapafu, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe hizo. Tafuta barakoa ya daraja la P3, au isiyopungua FFP2. Tope likikauka sakafuni usifagie, mwaga maji usukume. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani yenye silika, yaani hiyo kwatzi, tangu 1 Julai 2024 kwa sababu ya wafanyakazi kama sisi, na mabamba ya aina hiyo yanauzwa hata huku. Ukiletewa moja, tahadhari iwe mara mbili.

Ukingo umebaki na kivuli cheusi baada ya kufunga

Mama mwenye nyumba anapiga simu: ukingo umekuwa mweusi kama umemwagiwa mafuta. Kama ni jiwe jepesi kwa rangi na kazi imeisha juzi, karibu hakika ni maji. Umelilowesha kwa siku nzima, limekunywa kupitia ukingo na upande wa chini usiong'arishwa. Wakati wa mvua, au baridi ya Tukuyu, litachukua wiki na zaidi kukauka. Mwombe avute subira, na usipake dawa ya kuzuia madoa sasa, utafungia unyevu ndani na kivuli kitakaa. Likikauka pote isipokuwa karibu na sinki, kagua silikoni na bomba: maji yanaendelea kuingia kwa chini. Likikauka pote isipokuwa pale ulipobandika ukanda, hayo ni mafuta ya gundi yaliyopenya jiwe, na kwa mawe meupe yenye vitundu hapo unahitaji kubadili gundi kwa kazi inayofuata.